Tole isiyofungwa ni mutego

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, wa komini ya Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi, Kamalondo na Annexe,

Wanachimba barabara, wanatupa tole ya chuma juu ya shimo, wanaenda zao. Hakuna kibao, hakuna taa, hakuna mutu. Usiku muzima mutaa unasikia kelele kila gari ikipita: gwa-gwa, gwa-gwa. Tumeisha kuizoea sawa vile tulizoea delestaji. Lakini ile kelele ina maana moja tu: tole inatembea. Tole iliyofungwa muzuri hailii.

Tunasema waziwazi: tole inayotembea si bahati mbaya. Kuna mutu aliyekaa na karatasi yake, akapiga hesabu ya misumari, ya lami na ya siku moja ya kazi, akaona ni afazali abakize yale makuta.

Mutu asiwadanganye kwamba jambo hili ni la mainjenia peke yao. Kamyo ikikanyaga ukingo wa tole, inaisukuma. Ikifunga freni juu yake, inaisukuma zaidi. Leo sentimita moja, kesho mbili, na hakuna anayeona. Kiisha siku inafika upande mumoja haulali tena juu ya barabara, unaning'inia juu ya shimo. Gurudumu linakanyaga pale, upande wa pili unainuka, na motari anayefuata nyuma anakutana na ukuta wa chuma. Hapo bado hatujasema mvua. Huku kwetu inanyesha tangu mwezi wa 11 hadi mwezi wa 4, na chuma laini yenye maji ni sabuni. Gari ya magurudumu mane itateleza kidogo na kuendelea. Pikipiki, hapana. Manseba akibeba mama nyuma na mutoto katikati, wanaanguka wote watatu, na ile kamyo ingali nyuma yao.

Nilimuuliza kapita wa shantie moja: "Papa, juu ya nini hii tole haifungwe?" Akanijibu bila kuniangalia: "Mutoto, ile kintu iko muzito, haiwezi kutembea." Mimi nilisoma ujenzi. Diplomi iko ukutani kwa mama, kazi hakuna, lakini hesabu sijasahau. Mita kubo moja ya chuma ina karibu kilo 7,850. Tole yenye urefu wa sentimita 240, upana wa 120 na unene wa milimita 25 inafika karibu kilo 565. Ile ya papa kapita ilikuwa nyembamba, milimita 10 hivi, maana yake kilo 226. Vijana sita wanaibeba. Kamyo ya shaba inayoelekea Kasumbalesa inapita tani 40 pamoja na muzigo wake. Kati ya hivyo viwili, nani atamusukuma mwenzake?

Na dawa yake si siri, wala haihitaji mutalamu wa kutoka Ulaya. Unene wa tole unafuata upana wa shimo: shimo likipanuka, tole inaongezeka unene. Kila upande ulale juu ya barabara ngumu si chini ya sentimita 30, si juu ya udongo unaobomoka; na kuta za shimo zishikiliwe na mbao au chuma, juu tole nzuri kwenye ukingo unaomong'onyoka ni kazi ya bure. Kwenye pembe, toboa barabara, piga vyuma vinene vinavyoizuia tole isiteleze. Kama tole ni mbili, zichomelewe pamoja. Pembeni pote unamwaga lami baridi na kuishindilia, ifanye mutelemko mudogo, ili gurudumu lipande pole badala ya kugonga ukingo. Kwenye barabara ya mbio ni afazali ukate lami na kuilaza tole ndani, iwe sawa na barabara. Juu yake pawe na ukwaruzo. Mbele pawe na kibao kinachong'aa usiku. Na kila asubuhi mutu apite, aangalie, akaze.

Huyo mutu wa asubuhi, tuko wengi tungeweza kuwa yeye. Tuna diplomi, tuna miguu, tuna macho. Wanasema hakuna kazi. Kazi iko pale pale barabarani, wanaokataa kuilipia ni wao.

Sasa wanatuletea jibu lingine: "Ni nyinyi vijana munaoiba matole na kuyauzisha kwa mitrai." Wizi upo, hatutatetea mwizi anayeacha shimo wazi usiku. Lakini angalieni vile jibu hilo linawarudilia wenyewe. Mwizi anabeba kile ambacho watu sita wanaweza kunyanyua saa nane ya usiku: tole nyembamba, imetupwa tu. Ile ya kilo 565, imepigiwa vyuma kwenye pembe na kuchomelewa na mwenzake, ataibeba na nini? Kinachomulinda motari ndicho kinachomushinda mwizi. Kwa hiyo kusema "hatufungi juu wanaiba" ni sawa kusema hufungi mulango juu wezi ni wengi. Na wanunuzi wa mitrai, wale wanaoipima tole nzima kwenye mizani bila kuuliza inatoka wapi, mbona hakuna anayewataja?

Wengine watasema inchi haina makuta. Tangu 2008 kuna FONER, mufuko wa taifa wa kutengeneza barabara, na makuta yake yanatoka kwenye mafuta na kwenye peaji. Kila motari anayeweka esansi anachangia. Barabara hiyo ameisha kuilipia, hatuombi zawadi.

Na sheria iko. Kitabu cha tatu cha kodi sivile ni cha tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, wakati wa Leopold II, mutu ambaye hatuna sababu ya kumusifu. Hata pale, kifungu cha 258 kinamulazimisha aliyeumiza mwenzake kwa kosa lake alipe, na cha 260 kinaongeza vitu unavyovichunga. Tole ni kitu kinachochungwa na kampuni iliyoiweka. Aliyevunjika muguu asikubali kuambiwa "pole, ni Mungu".

Tunadai meya asiruhusu mutu kuchimba barabara bila kibao chenye jina la kampuni, namba ya simu na tarehe ya kufunga shimo, na matole yasiyofungwa yafungwe au yaondolewe. Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupatia haki ya petisyo, na mukubwa anayeipokea anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutahesabu siku.

Munachoweza kufanya tangu leo: piga picha ya kila tole inayocheza. Musipige sura za wanaochimba. Ni ndugu zetu wanaolipwa kwa siku, hawakuchagua unene wa chuma. Musijaribu kuisogeza tole wenyewe, na musisimame katikati ya barabara. Wekeni matawi ya muti mita kadhaa mbele yake, kila dereva wa Kongo anajua maana yake. Picha ije na jina la avenyu, komini, tarehe na saa. Isiyo na tarehe haitaingia kwenye petisyo.