Elimu na Hekima

Wazee husema, Akili nyingi huondoa maarifa. Maana yake si kwamba kusoma ni kubaya. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa hodari wa vitabu, na huku hajui jinsi impasavyo kuishi mbele ya Mungu na pamoja na jirani zake.

Utazameni mfano wa mizani. Huko Chanzuru, katika wilaya ya Kilosa, watu hulima mahindi, na baada ya mavuno magunia hupimwa yauzwe. Tuseme bibi mzee asiyejua kusoma ameleta gunia la kilo 100. Kijana aliyesoma ndiye ashikaye mizani na daftari. Aweza kuandika 100, tena aweza kuandika 92. Hesabu itamwonyesha kuwa kwa magunia 50 ya namna hiyo atapata kilo 400 za bure. Lakini hesabu haitamwambia kuwa bibi yule ni jirani yake, wala kwamba Mungu aona yote yatendekayo pale mizanini. Hayo hujulikana kwa kumcha Mungu.

Labda mwanafunzi atasema, "Ikiwa elimu humsaidia mtu kuiba, afadhali kuacha shule." La, sivyo. Kijana yule yule, akiwa mwaminifu, angekuwa ngao ya bibi yule, kwani angemwonya juu ya wadanganyifu wengine. Elimu ni kama panga kali: hukata kuni, tena huumiza mtu. Hekima ndiyo iongozayo mkono.

Huko Uganda alikuwako mtu aliyeonyesha jambo hili kwa maisha yake, jina lake Apolo Kivebulaya. Elimu yake ya shule haikuwa kubwa. Mwaka 1896 alikwenda kufundisha Injili Mboga, mahali ambapo sasa pamo katika nchi ya Kongo. Tabaro, mtawala wa huko, akaamuru apigwe. Lakini Apolo hakulipiza kisasi, wala hakuiacha kazi yake. Na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Hata katika uzee wake Apolo aliwaendea Wambuti wa msituni, akajifunza lugha yao, apate kuwafundisha. Alifariki Mboga mwaka 1933. Elimu kidogo aliyokuwa nayo aliitumia yote kwa ajili ya wengine.

Mfalme Sulemani naye, alipoambiwa na Mungu aombe atakalo, hakuomba mali wala maisha marefu, bali moyo wa kupambanua mema na mabaya.

Basi mwanafunzi na asome kwa bidii, ajue hesabu na kuandika vizuri; lakini kwanza aombe moyo kama ule. Mtihani wa shule una siku yake, na mwalimu husimama akiangalia. Mtihani wa mizani huja kila siku, wala hapana mwalimu wa kuusimamia.