Mkaa wa Dar, moshi wa Kilwa

NENO LA JUMATANO
Na Zuhura Mwinyimkuu

Alfajiri pale Mbagala Rangi Tatu, pikipiki zinaingia kutoka Barabara ya Kilwa zimebeba mkaa, magunia yamekazwa kwa mipira ya baiskeli, mdomo wa kila gunia umejazwa majani na kushonwa kwa kamba. Jua halijawa kali, mkaa huo umeshapimwa kwenye sado na makopo, na mama lishe wa Temeke ameshainjika maharage.

Jiko lake halitoi moshi. Ndiyo sifa ya mkaa, na ndiyo inayotudanganya. Moshi ulibaki kwenye tanuri la udongo kule Kilwa, Rufiji, Handeni au Kilosa. Kwa tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo nane za kuni, pengine kumi. Sehemu kubwa ya kaboni ya mti ule ilishapaa kabla gunia halijafungwa.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Dar es Salaam peke yake inatumia takriban nusu ya mkaa wote wa Tanzania, kiasi cha tani 500,000 kwa mwaka. Lakini hewa ukaa ikihesabiwa pale ilipotokea, mzigo unaangukia wilaya yenye msitu. Mchoma mkaa wa Kilwa anaitwa mharibifu wa mazingira. Sisi tunaokula wali uliopikwa kwa mkaa wake hatuitwi chochote. Hilo si haki. Hesabu ifuate sufuria.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila kukimbizana na pikipiki porini hakutaufikisha huko, maana mtungi wa gesi unalipiwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa kopo, na mama lishe hupata hela yake kidogo kidogo.

Na upande wa msitu, njia ipo: vijiji vya Kilosa vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu viligawa msitu vitalu, vikakata kwa zamu ya miaka 24, na ushuru ukabaki kijijini kujenga madarasa.

Waheshimiwa wabunge wa Dar es Salaam, bajeti ijayo simameni mdai mawili: gesi inunulike kwa kiasi cha hela ya kopo la mkaa, na ushuru wa kila gunia linaloingia jijini urudi kijijini ulikokatwa mti.