Mama, Usinyamaze Garini

Tukipanda gari Nyamuswa kwenda Bunda, wengi wetu tumezoea kunyamaza. Dereva anakimbiza, nasi tunakumbatia watoto na kushika kiti. Hatutaki kuitwa waoga.

Penye kibao cha 50, dereva haruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Basi la abiria lisizidi 80, hata barabara ikiwa tupu. Kwa mwendo wa 50 gari hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kwa 80, mita 22. Tena mwendo ukiwa mara mbili, breki huhitaji umbali mara nne kulisimamisha gari. Mtoto anayevuka na ndoo ya maji hajui hesabu hiyo.

Si mambo ya mbali. Septemba 5, 2014, mabasi mawili yaligongana Sabasaba, wilayani Butiama, kwenye barabara ya Musoma–Mwanza. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Basi mwambie dereva kwa upole: “Mwanangu, punguza mwendo, tuna watoto.” Ukisema peke yako huenda akacheka, mkisema watatu au wanne, ni vigumu asisikie. Akikaidi, shuka kituo kinachofuata (nauli hurudishiwi, najua!), andika namba ya gari, uwape polisi wa usalama barabarani.

Na bodaboda je? Huko nako kataa mishikaki: wewe nyuma na mtoto mgongoni, mwingine ameketishwa mbele juu ya tangi la mafuta.