Nyumba Yenye Miembe Miwili



Dominika iliyopita, baada ya Misa, alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, akatoa karatasi iliyokunjwa vema ndani ya bahasha. «Mwalimu, akasema, nimepata nyumba hapa Kolwezi. Matofali ya kuchoma, mabati mazima, na miembe miwili uani. Mwenyewe anataka nusu ya fedha leo jioni.» Nikasoma karatasi. Ilikuwa na mhuri wa mkuu wa mtaa, basi.

Mhuri huo una heshima yake, lakini haumfanyi mtu kuwa mwenye lupango. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Congo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia tu, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na mtunza hati za viwanja na nyumba. Nendeni ofisini kwake, wala msimtume kijana asimamaye mlangoni. Mwombeni alinganishe namba ya cheti na kitabu chake: kiwanja ni cha nani, kipimo chake ni gani, je, kimewekwa rehani? Tazameni na tarehe pia, maana cheti kisichotimiza miaka miwili chaweza bado kupingwa mbele ya hakimu.

Tena, muuzaji ana mke? Sheria ya jamaa yataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza nyumba. Na kama nyumba ni urithi wa baba aliyefariki, mtoto mmoja hawezi kuwauzia wenzake wote. Nimekwisha kumwona mnunuzi akishusha vitanda vyake, hali mjane amekaa barazani na sufuria zake, asiondoke. Wala hakukosea mama yule.

Hayo yote yafaa katika kila mji. Lakini mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière kwa ajili ya madini, na madini hayajakwisha. Anayepewa kiwanja hapewi kilicho chini yake: kwa sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, mawe ya thamani ya chini ya ardhi ni ya Serikali, na haki ya kuyachimba ni mbali na haki ya kukaa juu. Kwa hiyo ulizeni pia katika Kadasta ya Madini kama kiwanja kimo ndani ya eneo la kampuni fulani.

Nani asiyekumbuka Kasulo? Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, na mara watu wakaanza kuchimba uani, hata ndani ya vyumba vyao. Mashimo yalipita chini ya kuta za jirani ambaye hakuchimba kitu. Mwaka 2017 jamaa nyingi zilihamishwa, na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Basi, kabla ya kutazama mabati, tazameni sakafu na nyufa za ukuta, mkaulize jirani kama usiku husikia sauti ya nyundo chini ya kitanda chake.

Lililo kubwa zaidi kwangu ni vumbi, maana halionekani katika karatasi yoyote. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba wakaaji wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa usiochimbwa, na watoto walizidi wakubwa. Mtoto hutambaa, hushika udongo, hutia mkono kinywani. Huko Lubumbashi, tanuru la shaba liliwashwa mwaka 1911, na kwa kuwa upepo hutoka sana kusini-mashariki, udongo ulioharibika zaidi u upande wa kaskazini-magharibi wa mnara wa moshi. Basi jueni upepo wavuma toka wapi, na maji ya kusafishia mawe yanapita wapi. Mahali ambapo majani hayaoti, au yanaota tu yale maua madogo ya zambarau yapendayo shaba, msipande lengalenga. Kisima kipimwe maji yake kabla ya kutoa fedha. Bei ya kupima ni ndogo kuliko bei ya ukuta mmoja.

Nilimwambia kijana yule aombe siku saba. Muuzaji alikasirika, akasema yuko mnunuzi mwingine, tena ni mtu wa kampuni. Siku ya Jumatatu alipoombwa cheti, alijibu kwamba kimo mikononi mwa kaka yake huko Likasi, naye yu njiani kukileta. Leo ni Ijumaa, na kaka huyo hajafika.