PAMPU NI YA CHOMBO, NA NYUMBA JE?

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe mawazo yangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Jambo lenyewe ni pampu ya maji inayoendeshwa kwa betri, ile ndogo ambayo mtu aweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kijijini kwetu pwani pampu hizi zimeanza kuonekana katika vyombo vya uvuvi. Shauri langu ni kwamba zifike na nyumbani. Lakini zifike kwa utaratibu, maana mimi niliifikisha moja bila utaratibu, na nusura nilete msiba.

Msomaji asiyezaliwa pwani yafaa ajue kwamba chombo cha mbao hakikosi kuingiza maji. Mafundi hutia kalafati ya pamba na mafuta katikati ya mbao, lakini mashua ikikaa juani siku nyingi mbao hukauka na kuachana, na ikirudi majini huvuja mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Tena kuna mvua, na kuna mawimbi ya kusi. Maji hayo yote hukusanyika chini katika ngama, na kazi ya kuyafua kwa upo ni ya kijana aliye mdogo kuliko wote chomboni. Kaka yangu aliifanya miaka mitatu. Mwaka jana baba alinunua pampu, na kaka akapumzika.

Pampu yenyewe ni kama kopo la maziwa kwa ukubwa. Huzamishwa ndani ya maji, ina mpira wa kutolea maji, na nyaya mbili za kubana kwenye betri ya volti 12. Betri hukaa katika ndoo yenye kifuniko ili isipatwe na maji ya chumvi, na mchana huchajiwa kwa paneli ndogo ya jua.

Likizo ya Juni nilipokwenda nyumbani nilimkuta mdogo wangu wa kike, aliye darasa la saba, bado anachota maji kisimani kwa ndoo na kamba. Ndoo kumi kila jioni, kujaza pipa la lita 200. Akimaliza, mikono humtetemeka hata kalamu haishiki vizuri, na mtihani wa kumaliza shule uko mbele yake. Nikamwendea baba.

"Baba," nikasema, "mchana kutwa pampu imelala ukumbini. Kwa nini isitusaidie kisimani?"

"Mwanangu, pampu ni ya chombo," akajibu. "Bibi yako alichota maji kisima hicho hicho mpaka uzee wake, wala hakulalamika."

Nikanyamaza kwa heshima. Lakini moyoni nilisema: hata upo ulifua maji miaka yote hiyo, nao haukulalamika.

Siku ya pili yake baba alipokwenda mjini niliichukua pampu, nikaisuuza mara tatu, nikaitumbukiza kisimani. Pipa letu likajaa kwa dakika ishirini. Mama akafurahi, mdogo wangu akaruka kwa furaha. Majirani waliposikia wakaja na mipira na mapipa yao, na mimi sikumnyima mtu. Nilijaza mapipa sita, nikajiona mhandisi. Jioni nikairudisha betri ndani ya ndoo yake, nisimwambie mtu neno.

Usiku ule baba na kaka walikwenda kuvua. Kusi ikavuma kuliko walivyotazamia, maji yakaingia, wakawasha pampu. Ikanguruma kidogo, ikafa. Kaka akatafuta upo, asiuone, kwa kuwa upo ulikuwa nyumbani. Tulikuwa tumeufanya chombo cha kulishia kuku. Wakafua kwa sufuria ya wali na ile ndoo ya betri, wakakata nyavu ili warudi upesi. Walifika alfajiri, mikono ya kaka imechubuka. Baba hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Nani aligusa betri?" Nikasema, "Ni mimi, baba." Akaniambia, "Basi usiniombe radhi mimi. Kamwombe kaka yako." Nikaenda nikamwomba.

Wala hayo hayakuwa yote. Maji ya mapipa yale sita yalinuka mafuta ya injini, kwa kuwa ngama ya mashua yetu haikosi mafuta, na kusuuza hakukutosha. Majirani wakayamwaga. Kwa siku kadhaa tulichota maji ya kunywa kisima cha mbali, na aliyebeba ndoo zaidi ni yule yule mdogo wangu niliyetaka kumsaidia.

Sasa nitazame kosa langu kwa hesabu, kwani fizikia naisoma. Betri yetu ni ya ampea-saa 7. Pampu hutumia ampea 3 hivi. Saba kwa tatu ni saa mbili na dakika chache. Pipa moja dakika ishirini, mapipa sita ni saa mbili. Basi betri nilikuwa nimeimaliza, na mtoto wa darasa la tano angeweza kunionyesha. Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani siku zote. Sikuitoa kwa sababu nilikuwa nasifiwa.

Wapo waliosema baada ya mkasa ule kwamba pampu irudi chomboni na wanawake warudi kwenye kamba. Hapo mimi sikubali. Kosa lilikuwa langu na la utaratibu wangu mbaya. Halikuwa la nyumba kutaka maji. Yafaa tufanye haya:

Kwanza, nyumba iwe na pampu yake na betri yake. Pampu ya ngama isiingie kamwe katika kisima cha maji ya kunywa. Ikiwa lazima itumike nyumbani, itoe maji ya mvua yaliyotuama uani wakati wa masika, na betri ijazwe kabla ya chombo kutoka. Wala mtu asidhani kwamba maji ya pampu ni safi kwa kuwa yametoka mpirani, bado yachemshwe.

Pili, kabla ya kununua, kisima kipimwe kwa kamba na jiwe. Tangu Torricelli alipofanya jaribio lake mwaka 1643 twajua kwamba kanieneo ya hewa haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi, kwa hiyo pampu inayokaa juu na kuvuta haifai kwa kisima kirefu. Pampu ya kuzamishwa husukuma, lakini nayo ina mwisho wake. Yetu imeandikwa galani 500 kwa saa. Hizo ni galani za Marekani, yaani kama lita 1,900. Lakini kutoka majini hadi mdomo wa pipa letu ni mita tatu, na kwa urefu huo tulipata kama lita 600 tu kwa saa. Muuzaji husoma namba iliyoandikwa. Mnunuzi na apime kisima chake.

Tatu, upo usitoke chomboni. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Betri huisha, waya hukatika, chujio huzibwa na magamba ya samaki. Upo hauna waya.

Nne, pampu itunzwe. Ikitoka katika maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi, nyaya zipakwe grisi, isiendeshwe pakavu, wala betri isiachwe ikaisha kabisa.

Wako wazee wanaosema kwamba pampu itawafanya wasichana kuwa wavivu. Kwa heshima nauliza: kaka yangu alipopata pampu, nani alisema amekuwa mvivu? Watu walisema baba ana akili, kwa sababu kijana asiyechoka kufua maji huvua vizuri zaidi. Basi na msichana asiyechoka kuchota maji husoma vizuri zaidi. Kama jasho la baharini lilistahili kupunguzwa, la kisimani nalo lastahili.

Baba hajanunua pampu ya pili. Nyavu mpya zimekula fedha, na sababu yake naijua mimi. Amesema atafikiri baada ya msimu. Najua siku ya wazazi atafika hapa shuleni na atasoma gazeti hili, kwa hiyo naandika nikijua nitaulizwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkienda likizo, tazameni ni nani nyumbani kwenu anayebeba maji, na anabeba mara ngapi. Kisha fanyeni hesabu, na muombe ruhusa kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV