Tope la Kamburu lina wenyewe

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu tope la mabwawani ni nzuri, ila umezungumzia bwawa la Masinga tu. Mito yetu ya Embu haiingii huko. Kapingazi huingia Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, na Thiba humwaga maji Kamburu, bwawa la 1974, kisha Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa hiyo tope linalojaa Kamburu lina wenyewe: ni udongo wa mashamba ya huku juu.

Watafiti wa kilimo mseto walishafanya kazi Kapingazi, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina ofisi ya bonde la Tana hapahapa mjini Embu. Kwa hiyo sisi wa mtaa wa Dallas hapa Embu tunataka vipimo vya mto vibandikwe sokoni, kwa lugha ambayo mama mboga ataisoma bila mkalimani. Jumuiya za watumiaji maji zinatambuliwa kisheria tangu 2002. Zipewe kazi hiyo, na posho pia.

Mikaratusi iliyo ukingoni mwa mto iondolewe, ipandwe mianzi. Na maji taka ya mitaani je? Nayo huishia mtoni, lakini makala haikuyagusa hata kidogo.