MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ni mahali ambapo wageni wengi hupenda kufika. Wala si ajabu. Alfajiri mashua na ngalawa hutia nanga mbele ya Magogoni, samaki hushushwa, na mnada huanza. Mgeni huona changu, nguru, jodari na pweza; huona pia mji mzima ukitafuta kitoweo chake.

Twafurahi wageni wanapofika. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba Feri si uwanja wa maonyesho. Ni mahali pa kazi, sawasawa na kiwanda au bandari. Majengo yake, yaliyofunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani, yalijengwa ili mvuvi apate soko na mwananchi apate chakula safi. Mvuvi aliyekesha baharini, mparaji wa samaki na mama anayekaanga mbele ya moto mkali, wote wana heshima yao. Hakuna mtu awezaye kuingia ofisini kwa karani na kumpiga picha usoni bila ya kumwomba ruhusa. Kwa nini basi mfanyakazi wa Feri atendewe hivyo?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Feri apona? Mgeni aliyekwisha kumlipa mwongozaji wake mjini, akafika, akatazama na kwenda zake, haachi sokoni hata senti moja. Lakini akinunua samaki mnadani, akampa mparaji amsafishe, kisha mama akamkaangia, fedha yake imepita mikononi mwa watu watatu wanaoishi kwa jasho lao. Waongozaji wa watalii wana wajibu wa kuwaonyesha wageni njia hiyo.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Wako wenzetu ambao wakimwona mgeni tu, papo hapo huzidisha bei. Hiyo si biashara, ni tamaa, nayo humponza hata muuzaji mwaminifu. Tunawashauri ndugu zetu wa Feri wakutane, wapatane juu ya ujira wa kupara na kukaanga, wauandike ubaoni mahali pa wazi, na uwe mmoja kwa kila mtu, awe ametoka Manzese au Ulaya.

Nasi wanachama tusidhani kwamba kuitembelea nchi ni kazi ya wageni peke yao. Mfanyakazi wa Tabora au Dodoma afikapo Dar es Salaam, na aende Feri pamoja na watoto wake, wapate kujua samaki hutoka wapi na kwa jasho la nani.

Basi mgeni, wa karibu na wa mbali, na abishe hodi kwa adabu. Mwenyeji naye amkaribishe kwa haki. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.